Kifaa Kilichofungwa Mwilini: Simu, Tochi na Filimbi Kwenye Jaketi Okozi

Matini ya mazungumzo kwa wavuvi, mabaharia na wasafiri wa Ziwa Tanganyika, Kata ya Kabwe



Ziwa Tanganyika lina urefu wa takribani kilomita 670, upana wa wastani wa kilomita 50 na kina kinachofikia takribani mita 1,470. Kwa kina ni la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Wanafunzi hufundishwa takwimu hizi kama sifa ya nchi. Kwa mkazi wa Kabwe anayevua dagaa na migebuka usiku, au anayesafiri kwenda Kirando na ng'ambo ya Moba nchini Kongo, zina maana nyingine. Kilichoponyoka mkononi kikazama hakirudi, na aliyeanguka majini usiku huhamishwa na upepo na mawimbi, mbali na mahali wenzake walipomwona mara ya mwisho.

Siku hizi karibu kila chombo kinachoondoka mwaloni hubeba simu, na vingi hubeba tochi na taa za betri. Vifaa hivyo vingeweza kuokoa maisha, lakini mara nyingi huwa vya kwanza kupotea chombo kinapopinduka. Simu iliyowekwa chini ya ubao huzama na mtumbwi. Tochi iliyoning'inizwa kwenye mlingoti hubaki kwenye mlingoti. Simu iliyo mfukoni mwa suruali huloa kabla mwenyewe hajaivuta. Kwa hiyo neno kuu la mazungumzo haya ni moja: kifaa kisichozibwa dhidi ya maji na kufungwa mwilini mwa mtu si kifaa cha uokozi.

Jaketi ni la kwanza

Hakuna kifaa cha umeme kinachomweka mtu juu ya maji. Kazi hiyo ni ya jaketi okozi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia kabisa kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha huku nchi kavu ikionekana kwa macho. Ukaribu wa ufukwe haumwelezi mtu juu ya maji.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1914, baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912. Kwa viwango vinavyotokana na mkataba huo hivi leo, jaketi la mtu mzima melini hutakiwa kumgeuza aliyezimia na kuinua mdomo wake juu ya maji. Hutakiwa pia kuwa na filimbi iliyofungwa kwa kamba, na taa inayowaka kwa muda usiopungua saa 8. Hapo pana fundisho kwa mwenye mtumbwi. Hata katika meli kubwa zenye redio na mitambo ya kila aina, filimbi na taa hufungwa kwenye jaketi la kila mtu. Havikai katika chumba cha nahodha.

Mnunuzi asome maandishi yaliyo ndani ya jaketi. Nguvu ya kuelea hupimwa kwa niutoni, na niutoni 10 ni sawa na kubeba takribani kilo moja. Jaketi la niutoni 50 limekusudiwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Halikusudiwi kumgeuza aliyezimia. Avuaye usiku mbali na ufukwe atafute lenye niutoni 100 au zaidi. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, ndilo lenye jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya majini, na maofisa wake ndio wa kuulizwa kuhusu jaketi linalofaa aina ya chombo.

Kutokana na kazi hiyo ya jaketi, kuna mambo matatu ambayo afungaye vifaa hapaswi kuyafanya. Asitoboe wala kushona kupitia sehemu yenye sponji ya kuelea. Asiweke kitu kigumu nyuma ya shingo, mahali panapoegemea kichwa cha aliyechoka au kuzimia. Na asirundike mizigo: vifaa vyote kwa pamoja visizidi nusu kilo, na vikae kifuani, karibu na bega, sehemu inayobaki juu ya maji.

Namna maji yanavyoingia

Mfuko mwembamba wa nailoni uliopigwa fundo, uliozoeleka sana kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, huzuia manyunyu tu. Fundo halizibi, hupunguza kasi ya maji kwa dakika chache. Kinachofaa ni mfuko maalumu wa simu wenye mdomo unaokunjwa na kubanwa, au kijisanduku chenye mpira wa kuziba pembeni.

Baadhi ya simu na tochi huandikwa herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na ya pili inahusu maji. Nne maana yake ni kustahimili maji yanayorushwa. Saba ni kuzamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30. Nane ni zaidi ya hapo, kwa kiwango anachotaja mtengenezaji. Majaribio hayo hufanywa kwa kifaa kipya katika maji matulivu, si kwa simu ya miaka mitatu inayopigwa na mawimbi. Simu iliyowahi kubadilishwa kioo au betri ihesabiwe kuwa imepoteza kinga yake, isipokuwa fundi amerudisha mpira na gundi ya kuziba kama ilivyokuwa. Kwa ufupi, hata simu yenye alama hizo iingie mfukoni.

Kuna adui mwingine asiyeonekana, naye ni hewa iliyofungiwa ndani. Abiria anayeteremka na basi kutoka Sumbawanga amewahi kumwona bila kumtambua. Chupa ya maji iliyonywewa nusu na kufungwa vizuri mjini hufika mwaloni ikiwa imebonyea mbavu. Sumbawanga iko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko takribani mita 770. Kadiri mtu anavyoteremka ndivyo hewa ya nje inavyozidi kuwa nzito na kukandamiza iliyofungiwa. Tofauti ya mgandamizo kati ya sehemu hizo mbili inakaribia ile ya kuzamisha kitu mita moja majini. Kwa hiyo kijisanduku kigumu kilichofungwa dukani Sumbawanga hufika Kabwe kikiwa tayari kinavuta ndani. Kikiguswa na maji, huyavuta kupitia ufa mdogo kabisa.

Joto hufanya vivyo hivyo. Hewa iliyofungiwa juani hutanuka. Kifaa kikitumbukia katika maji ya ubaridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji. Hata yasipoingia, unyevu uliokuwa ndani hugeuka matone juu ya kioo. Kanuni inayotokana na hayo ni rahisi: kifaa kifungwe mwaloni, kivulini, kwa mikono mikavu, muda mfupi kabla ya kuondoka. Vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu visitupwe; kimoja kikiwekwa pamoja na simu husaidia.

Kabla ya kuuamini mfuko, mwenyewe aujaribu bila simu. Aweke ndani karatasi laini kavu na kijiwe, aufunge, auzamishe kwenye ndoo ya maji kwa dakika 30, kisha aukaushe kwa nje na kuufungua. Karatasi ikiwa na unyevu wowote, mfuko huo haufai. Jaribio lirudiwe kila mwezi, kwa sababu mpira huchakaa na chembe moja ya mchanga kwenye mdomo hutosha kufungua njia.

Kamba kabla ya waya

Wavuvi wa dagaa waliotoka kwenye karabai na kuingia kwenye taa za betri zinazochajiwa kwa jua wanaifahamu kutu ya kijani inayokula vichwa vya nyaya. Umeme wa betri unapopita katika maji hula shaba upande wa chanya, na kiungo kilichokuwa kizima jioni huweza kukatika alfajiri. Hiyo ndiyo sababu ya kupendelea vifaa vinavyojitegemea, kila kimoja na betri yake ndani ya mfuko wake, kuliko kuviunganisha kwa nyaya. Kila waya unaopita kwenye ukuta wa mfuko ni mlango wa maji. Pawabanki ifanye kazi yake nchi kavu, ili simu iondoke ikiwa imejaa chaji.

Pale ambapo waya haukwepeki, kwa mfano taa ya begani yenye betri kifuani, fundi azingatie mambo manne. Kwanza, waya utoke upande wa chini wa kijisanduku na ushushwe kama kitanzi kabla ya kupanda begani, ili maji yadondoke chini ya kitanzi badala ya kufuata waya hadi ndani. Pili, kiungo kilehemiwe na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota waya na kuzungushia utepe hakutoshi. Tatu, gundi ya silikoni inayonuka siki isitumike kwenye shaba, kwa maana asidi yake huila. Itafutwe isiyo na harufu hiyo. Mpira wa kuziba upakwe grisi ya silikoni, si mafuta ya injini. Nne, kamba inayoshikilia kifaa iwe fupi kuliko waya, ili kifaa kikivutwa, uzito ubebwe na kamba na waya ubaki umelegea.

Kuhusu kamba yenyewe, hakuna wa kumfundisha mvuvi kufunga fundo. Iwe ya nailoni imara, ndefu kiasi cha kumwezesha mtu kuinua simu juu ya kichwa chake, na si zaidi, ili isinase kwenye nyavu au injini. Ifungwe kwenye pete au mkanda wa jaketi. Isivishwe shingoni kamwe.

Tena simu ielee. Simu janja yenye uzito wa gramu 200 ina ujazo wa takribani nusu ya ule unaohitajika ili ielee, hivyo huzama. Hewa kidogo ikiachwa ndani ya mfuko huziba pengo hilo, na boya dogo la nyavu likifungwa kwenye kamba huongeza uhakika. Aliyejaribu kwenye ndoo na kuona mfuko wenye uzito sawa na wa simu yake ukielea, ndiye aliyemaliza kazi.

Majini

Mawimbi ya simu hayapenyi majini. Mtu aliyeanguka ainue simu juu kadiri awezavyo, kwani kimo ndicho kinachoikutanisha na mnara. Hata mahali pasipo na vizuizi, simu za kizazi cha pili zina kikomo cha kawaida cha takribani kilomita 35 kutoka mnarani. Ujumbe mfupi huhitaji nafasi ndogo tu ya mtandao na hupita mahali ambapo mazungumzo hukatika. Kwa hiyo ujumbe utumwe kwanza.

Ujumbe huo uandikwe na kuhifadhiwa nchi kavu: jina la chombo, idadi ya watu, na neno la kuomba msaada. Kinachobaki majini ni kuongeza mahali. Simu janja nyingi hupokea mawimbi ya setilaiti na kuonyesha majiranukta hata pasipo mtandao wala kifurushi. Tarakimu nne baada ya nukta humweka mtafutaji ndani ya mita 11 hivi. Saa nayo itajwe, kwa kuwa upepo humsogeza mtu, na ujumbe mpya utumwe kila baada ya nusu saa.

Kioo cha kugusa hutaabika kikiwa na maji. Katika simu nyingi mpya za Android kuna njia ya kuita msaada kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia mara tano, lakini lazima iwekwe tayari nchi kavu. Simu ya kitochi isidharauliwe: vitufe vyake hubonyezeka juu ya mfuko, betri yake hudumu kwa siku kadhaa, na tarakimu moja ikishikiliwa huweza kupiga namba iliyowekwa. Namba za kuwekwa ni ya mtu aliye mwaloni mwenye chombo, ya kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, 112 ya Polisi, na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Usiku ziwa huwa na taa nyingi za dagaa. Tochi iwakayo mfululizo huonekana kwa mbali kama chombo kingine kinachovua, na hakuna atakayeacha kazi yake kuifuata. Taa inayomweka, yaani inayowaka na kuzimika, hutambulika kuwa ya mtu mwenye shida, na hutunza betri. Mwenye tochi isiyomweka aizibe na kuizibua kwa kiganja.

Visivyo na betri, na mtu wa nchi kavu

Filimbi ya plastiki haihitaji chaji wala mtandao, na sauti yake huendelea pale sauti ya mtu inapokauka. Ni vema mwalo mzima ukubaliane alama moja, kwa mfano milio mitatu, kimya, kisha milio mitatu tena. Mchana, kioo kidogo au diski ya muziki iliyochakaa ikielekezwa kwenye jua hupeleka mmweko mbali sana.

Kwa hiyo familia yenye fedha kidogo isianze na simu ya bei kubwa. Inunue jaketi kwanza, kisha filimbi, kisha tochi isiyoingiza maji, na mfuko wa simu ufuate. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Simu ya nahodha haimtoshi baharia aliyeangukia upande wa pili wa mtumbwi. Kila aliyemo chomboni awe na jaketi, filimbi na taa yake.

Kifaa cha mwisho hakiuzwi dukani. Ni mtu wa nchi kavu anayejua nani wameondoka, wameelekea wapi, na saa ngapi wanatarajiwa. Ujumbe uliotumwa kwa simu iliyozimwa haumwiti mtu. Mke, kaka au jirani aliyekabidhiwa kazi hiyo aache simu yake ikiwa na chaji na sauti, na ajue ni saa ipi akiwa hajawaona atoe taarifa bila kungoja kupambazuke.

Ukaguzi kabla ya kuondoka

1. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania umesikilizwa, hasa miezi ya upepo wa kusi.
2. Jaketi limevaliwa na kufungwa mikanda, si kukaliwa.
3. Filimbi na taa zimefungwa kwenye jaketi la kila mtu, na zimejaribiwa.
4. Simu imejaa chaji, imefungwa mfukoni kivulini, na kamba yake iko kwenye jaketi.
5. Ujumbe wa dharura na namba muhimu vimehifadhiwa.
6. Mtu wa nchi kavu ametajiwa saa ya kurudi.

Mwaka 2024 uvuvi ulipumzishwa ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Vipindi kama hivyo, mitumbwi ikiwa juu ya mchanga, vinafaa kwa kushona mikanda ya majaketi, kubadilisha mipira ya kuziba na kuwafundisha vijana jaribio la ndoo. Ukaguzi wenyewe, chombo kikiwa tayari kuondoka, hautachukua muda mrefu kuliko kujaza mafuta kwenye injini.